Mimi Si wa Hapa



Mhariri ameniomba niandike juu ya watu wa kawaida waliosimama kupinga vita, na kama juhudi za namna hiyo zina mustakabali wowote. Nadhani alitaraji kwamba mimi, kwa kuwa nimesomesha historia kwa miaka mingi, nitamletea orodha ya maandamano na mikataba. Hayo nitayagusia, inshaallah. Lakini nimeona vyema nianze na maneno machache niliyoyatamka mara mbili katika umri wangu, mara ya kwanza nikiwa kijana na mara ya pili nikiwa bibi mwenye wajukuu, na mara zote mbili nikayajutia. Maneno yenyewe ni haya: "Mimi si wa hapa."

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 1991, baada ya kusomesha pwani kwa miaka michache, nililetewa barua ya kuhamishwa kwenda Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Siku zile, kwa mtumishi wa serikali aliyetoka pwani au bara, barua ya Wajir ilihesabiwa kuwa ni adhabu. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilia kana kwamba napelekwa vitani. Mume wangu alibaki na kazi yake bandarini, nami nikafunga mizigo nikaenda.

Wajir niliyoikuta ilikuwa mji wa mchanga, wa visima vya maji ya chumvi na wa watu wakarimu sana. Majirani waliniletea maziwa ya ngamia siku ya kwanza, kabla sijajua jina la hata mmoja wao. Lakini ulikuwa pia mji wenye makovu. Tangu mwaka 1963 sehemu yote ile ya nchi ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, na sheria hizo hazikuondolewa mpaka mwaka huo huo wa 1991. Watu wazima walivikumbuka vita vya Shifta vya miaka ya 1960. Wala hapakuwa na aliyesahau Februari 1984, pale askari wa serikali walipowakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawaweka juani kwa siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo.

Juu ya makovu hayo yaliongezeka mambo matatu kwa wakati mmoja. Ukame uliua mifugo. Serikali ya Siad Barre ilianguka nchini Somalia mnamo Januari 1991, na bunduki zikawa zinavuka mpaka kwa urahisi. Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 1992, na kiti cha ubunge kikawa mfano wa kisima kimoja kinachogombewa na makundi mawili ya ngamia wenye kiu. Waajuran na Wadegodia wakaanza kuuana, Waogaden nao wakaingia, na katika muda wa miaka michache zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamepoteza maisha.

Mimi vita hivyo nilianza kuviona sokoni. Nilikuwa na mama mmoja niliyezoea kununua maziwa kwake. Asubuhi moja nilikuta yamemwishia, nikanunua kwa jirani yake aliyekaa hatua tatu kutoka pale. Kesho yake yule wa kwanza akaniambia, kwa upole kabisa, "Mwalimu, ukinunua kwa wale, usije tena kwangu." Wanawake hao wawili walikuwa wamekaa bega kwa bega kwa miaka mingi. Haikupita muda soko zima likawa limegawanyika, kila ukoo na upande wake, na aliyevuka kwenda upande wa pili alirudi na matusi au na kilemba kilichoraruliwa. Darasani nako hali ikawa hiyo hiyo. Wasichana waliokuwa wakitumia kitabu kimoja walihama madawati bila kuambiwa na mtu, nami niliingia asubuhi moja nikakuta njia pana katikati ya darasa ambayo jana yake haikuwapo.

Mwaka 1993 mwalimu mwenzangu mmoja, mwenyeji wa mji, alinijia nyumbani baada ya sala ya Isha. Alinieleza kwamba wanawake wachache wa koo mbalimbali wameanza kukutana ili watafute njia ya kulinusuru soko. Walikuwa wakihitaji mtu wa kuandika yanayosemwa, na wakahofia kwamba akiandika wa ukoo huu, wa ukoo ule hawatayaamini maandishi. "Wewe huna ukoo hapa," akasema. "Njoo utuandikie."

Nilimjibu, "Dada yangu, mimi si wa hapa. Haya ni mambo yenu. Mimi nangoja uhamisho wangu."

Hakunilaumu. Alimaliza chai yake, akaniaga. Miezi miwili baadaye barua ya uhamisho ilifika, nikapanda basi la kwenda Garissa bila hata kumtafuta kumwambia kwaheri.

Sijui kama yeye aliwahi kumkumbuka mwalimu mwingine wa Wajir, aliyekuwa mgeni kuliko mimi. Annalena Tonelli alikuwa Mtaliano, na alifika Kenya mwaka 1969 kama mwalimu kabla ya kujitolea kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Baada ya mauaji ya Wagalla alikuwa miongoni mwa waliowatafuta majeruhi na maiti porini na kuipeleka habari ile nje ya nchi, na kwa sababu hiyo akalazimika kuondoka Kenya. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kazi yake ya kuwahudumia wakimbizi na wagonjwa, na mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, akauawa kwa risasi huko Borama. Mwanamke yule hakuwa Msomali, hakuwa Mkenya, wala hakuwa Mwislamu. Angekuwa na haki kubwa kuliko yangu ya kusema kwamba hayo si yake.

Yaliyofuata Wajir sikuyaona kwa macho yangu. Niliyapata baadaye kwa kusoma na kwa kuwasikiliza waliokuwapo. Mmoja wa wale wanawake alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir wa mwaka 1964. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi alivyolala chini ya kitanda usiku mmoja na mwanawe wa kwanza huku risasi zikilia nje, na jinsi asubuhi yake mama yake alivyomkumbusha kwamba naye, wakati wa vita vya miaka ya 1960, alijificha chini ya kitanda na Dekha akiwa mtoto. Hapo akaona kwamba wasipofanya jambo, mwanawe naye atakuja kumficha mjukuu.

Naomba msomaji atazame walikoanzia. Hawakuanza kwa kuandika tamko la kulaani vita, wala hawakungoja serikali. Walianza na soko. Walikubaliana kwamba kila mwanamke, wa ukoo wowote, ana haki ya kuuza na kununua bila kuguswa, wakaweka kamati ya kuangalia kwamba sharti hilo linafuatwa kila siku. Soko lilipotulia, wakawaendea wazee. Mila haikuwapa wanawake nafasi ya kuongoza baraza la wazee, na hawakupoteza nguvu zao kugombea kiti. Walitafuta wazee wa koo ndogo zisizokuwa katika ugomvi, ili mzee wa ukoo mdogo ndiye asimamie kikao cha wakubwa. Mwaka 1993 wazee wa koo zilizopigana walitia saini mapatano yaliyojulikana kama Azimio la Al-Fatah. Baadaye vijana, masheikh, wafanyabiashara na watumishi wa serikali waliingizwa, na mwaka 1995 juhudi zote zikaunganishwa katika kamati moja ya amani na maendeleo ya Wajir. Ngamia wakiibwa au mtu akiuawa, ujumbe wa watu mchanganyiko ulikwenda mara moja mahali penyewe kabla kisasi hakijapangwa.

Mfano huo ulienea, na kamati za amani zikaundwa katika wilaya nyingine za Kenya. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoleta mauaji ya watu zaidi ya 1,100, Dekha alikuwa mmoja wa watu watano waliokutana upesi Nairobi kutafuta njia ya kuizuia nchi isiteketee, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, Jenerali Daniel Opande na George Wachira. Mwaka huo wa 2007 alikuwa amepewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki dunia Julai 2011 kufuatia ajali ya gari, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa akifundisha kwamba Qur'ani inamtaka mtu awe mwadilifu hata pale haki inapomwelemea yeye mwenyewe, na kwamba mpatanishi asiyeichunguza nafsi yake kwanza hana la kuwapa wenzake.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba Wajir imekuwa pepo. Mwaka 2014 Wadegodia na Wagarre walipigana tena katika mpaka wa Wajir na Mandera, watu wakauawa na maelfu wakahama makwao. Amani ile inafanana na kisima cha mchanga. Usipokizoa mara kwa mara, kinafukiwa.

Mimi nilifika Toronto mwaka 1995, nikijiunga na mume wangu aliyetangulia. Wengi wenu mnaijua safari hiyo, sina haja ya kuisimulia. Hapa nilijifunza namna nyingine ya kupinga vita, nayo ni kuandamana. Tarehe 15 Februari 2003, siku chache tu baada ya Idi Kubwa, tulitoka na wanangu kwenda katikati ya mji kupinga vita vilivyokuwa vikitayarishwa dhidi ya Iraki. Siku ile yalifanyika maandamano katika mamia ya miji duniani, na katika historia ya dunia si rahisi kupata siku ambayo watu wengi kiasi kile waliandamana kwa jambo moja. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mbele yetu alikuwapo kasisi, nyuma yetu vijana wenye ngoma, na pembeni mama mmoja wa Kikanada alimvua mwanangu glavu zilizolowa akamvisha za mwanawe. Tulirudi nyumbani tumeganda na tumefurahi. Kitinda mimba wangu, aliyekuwa na miaka minane, akaniuliza, "Mama, sasa hawatapigana, sivyo?"

Mwezi mmoja na siku chache baadaye mabomu yalikuwa yakianguka Baghdad.

Ni kweli kwamba tarehe 17 Machi 2003 Waziri Mkuu Jean Chrétien alitangaza Bungeni kuwa Kanada haitajiunga na vita hivyo, na maandamano, hasa yale makubwa mno ya Montreal, hayakosi sehemu yake katika uamuzi huo. Lakini askari wa nchi hii hii walikuwa wamekwisha kwenda Afghanistan, ambako Kanada ilibaki hadi mwaka 2014 na kuzika askari 158. Mara nyingi nilipanda daraja la barabara kuu ya 401, mahali ambapo watu walisimama na bendera kuyapokea magari yaliyobeba majeneza. Nilisimama pamoja nao, kwa kuwa yule aliyekuwamo ndani alikuwa mtoto wa mtu. Niliwaza pia juu ya majeneza ya Kandahar yasiyopitishwa chini ya daraja lolote. Mwanangu sikumpa jibu siku ile, na kwa miaka mingi nilibaki sina.

Jibu nilianza kulipata kwa kuwasoma wanawake wa mji huu huu. Mwaka 1960 wanawake walikusanyika hapa Toronto wakaunda chama cha Voice of Women. Moja ya kazi zao ilikuwa kukusanya meno ya utoto. Kwetu pwani mtoto aking'oka jino hulitupa juu ya paa na kuomba apewe jipya. Wanawake hawa waliwaomba akina mama wasiyatupe meno hayo, wayalete yapimwe, kwa kuwa sumu ya majaribio ya mabomu, madini ya strontiamu, ilishuka na mvua kwenye majani, ikaingia katika maziwa ya ng'ombe na kukaa katika mifupa ya watoto. Meno kwa maelfu yalikusanywa, hapa na kwa wenzao wa Marekani. Agosti 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilitia saini mkataba wa kuacha majaribio ya hewani. Sisemi kwamba meno ya watoto peke yake ndiyo yaliyoleta mkataba. Nasema kwamba kila mama aliyetia jino katika bahasha alikuwa amekwisha kukiona kile bomu linachofanya nyumbani kwake, na mtu wa namna hiyo hanyamazishwi kwa maneno.

Mmoja wa walioendesha kazi hiyo alikuwa Ursula Franklin, mtaalamu wa metali katika Chuo Kikuu cha Toronto. Alizaliwa Munich mwaka 1921, akafungwa na Wanazi katika kambi ya kazi za sulubu, na akafika hapa mwaka 1949. Mpaka alipofariki mwaka 2016 alishikilia kwamba amani haipimwi kwa kunyamaza kwa bunduki tu, hupimwa pia kwa kuondoka kwa hofu. Mwingine ni Setsuko Thurlow, aliyekuwa msichana wa miaka 13 huko Hiroshima siku bomu lilipoanguka, tarehe 6 Agosti 1945. Alihamia Toronto katika miaka ya 1950, akafanya kazi ya ustawi wa jamii, na kwa miongo mingi akawasimulia wanafunzi wa mji huu yale aliyoyaona. Desemba 2017 alisimama Oslo kuwa mmoja wa wawili walioipokea Tuzo ya Nobel ya Amani kwa niaba ya kampeni ya kupiga marufuku silaha za nyuklia. Mkataba walioupigania ulianza kutumika Januari 2021, ingawa nchi zenye silaha hizo hazikuutia saini, wala Kanada.

Tazameni, ndugu zangu. Mmoja alikuja kutoka Ujerumani, mwingine kutoka Japani. Wote wawili walikuwa wageni wenye lafudhi, kama sisi. Nilikuwa nimeyasoma haya yote, nikayasomesha, na hata nikawapeleka wanafunzi wangu kuiona bustani ya amani kwenye uwanja wa manispaa. Na bado niliyasema yale maneno kwa mara ya pili.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1446, yaani Machi 2025. Wengi wenu mnaijua futari yetu ya Jumamosi katika ukumbi wa Scarborough, na mnalijua jiko lake. Kwa miaka kadhaa jiko hilo lilisimamiwa na akina mama wawili wa Kongo. Mmoja ni wa Goma, na sombe lake halina mfano. Mwingine ni mzaliwa wa Rutshuru ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kinyarwanda, na ndiye aliyekuwa akitupikia maharagwe na chapati. Majina yao siyataji, nao wote wawili wameniruhusu kuandika haya.

Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Mama wa Goma alimpoteza kaka yake kwa kombora lililoanguka mtaani kwao. Siku zile zile ujumbe wa sauti ulianza kuzunguka katika simu zetu, ukiwataja wote wasemao Kinyarwanda kwa jina la mnyama. Ninaona haya kusema kwamba ulipita pia katika simu za watu wanaofunga na kuswali. Jumamosi ya kwanza ya Ramadhani mama wa Goma alifika jikoni, akamkuta mwenzake anakanda unga, akachukua sufuria zake akaondoka. Jumamosi ya pili mama wa Rutshuru naye hakuja. Wanawe wawili walikuja na baba yao, na katika darasa la Qur'ani wakakaa peke yao kwenye mkeka. Niliiona njia ile pana katikati ya watoto. Niliitambua.

Bwana mwenyekiti alinijia baada ya Tarawehe akasema, "Mama Mwalimu, wewe ni wa Mombasa, huna upande katika haya. Zungumza nao."

Nikamjibu, "Hayo ni mambo ya Wakongo, baba. Mimi si wa kwao."

Nilikuwa nimekwisha kukaa katika basi la barabara ya Lawrence niliposikia nilichokisema. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita, na ulimi wangu ulikuwa umehifadhi jibu lile lile. Nililia pale pale, mtu mzima, mbele ya abiria.

Kesho yake nilipika kaimati, nikaenda kwa mama wa Rutshuru kabla ya Magharibi. Alifungua mlango nusu. "Mama Mwalimu, umetumwa?" Nikamwambia, "Nilitumwa jana nikakataa. Leo nimekuja mwenyewe, na nimechelewa." Akanikaribisha. Alinieleza jinsi alivyokimbia Rutshuru akiwa msichana, na jinsi asivyojua lolote juu ya hao wenye bunduki zaidi ya kile asikiacho redioni. Kisha akasema jambo ambalo hapana aliyelijua, kwamba dada yake naye yuko Goma, na kwamba kwa siku tisa hakuwa amepata habari zake. Siku tisa hizo tulikuwa tukimtazama kama aliyeshinda.

Kwa mama wa Goma sikupokewa hivyo. "Wewe mtu wa Mombasa," alinambia, "kuna nini unachokijua wewe juu ya Goma?" Nikamjibu kwamba sijui kitu, na ndiyo sababu nimekuja. Akanitazama kwa muda mrefu. Halafu alianza kunieleza habari za kaka yake, tangu utoto wao kando ya ziwa, na akasema hadi simu ilipoadhini. Sikumwambia asamehe. Ni nani mimi nimwambie hivyo? Nilimwuliza tu kama anaruhusu nimfikishie mwenzake habari ya dada aliyetafutwa siku tisa, na habari ya kaka aliyezikwa bila jamaa zake wa huku kuwapo. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwambie."

Siwezi kuwaambia kwamba wamepatana. Jumamosi ya mwisho ya Ramadhani walikuja wote wawili. Kila mmoja alishika jiko lake, wa huku akiwa amempa mgongo wa kule. Katikati ya upishi mama wa Rutshuru alitafuta chumvi asiione, na mama wa Goma akamsogezea kopo bila kugeuka. Watoto walifuturu kwenye mkeka mmoja. Baadaye, pamoja na akina mama wengine, tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, jikoni kwetu hapana atakayeulizwa kabila lake wala kuhukumiwa kwalo. La pili, mwenye kupokea ujumbe unaotukana watu wa mwenzake ausimamishe kwake, na amwambie aliyemletea kwamba ameusimamisha.

Ni mambo madogo. Kongo haikupata amani kwa sababu ya kopo la chumvi, nami sijazeeka kiasi cha kuamini hivyo. Lakini mhariri aliuliza juu ya mustakabali, na jawabu langu ni hili. Maandamano hayana budi yaendelee. Miguu yangu ikiniruhusu nitatoka tena, kwa kuwa wakubwa wakiona barabara tupu huichukua kuwa idhini. Wala hatuwezi kuacha kuwaandikia wabunge wetu juu ya silaha zinazouzwa na wakimbizi wanaokataliwa. Hata hivyo vita vya siku hizi havingoji mpaka ndege zipae. Vinaingia mfukoni mwa mtu akiwa Scarborough, vinamfikia mtoto darasani, vinagawanya jiko. Huko ndiko tuliko sisi, na huko hapana serikali wala jemadari awezaye kutuzuia kufanya kazi. Wanawake wa Wajir walilijua jambo hilo kabla ya kuwapo kwa simu hizi.

Na sisi wageni tuna kitu ambacho mwenyeji hana. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule Wajir walimtafuta mzee wa ukoo mdogo kwa sababu hakuwa na upande, na waliniita mimi kuandika kwa sababu hiyo hiyo. Kutokuwa wa hapa, nilikokufanya kisingizio, kwao kulikuwa ndiyo sifa yenyewe. Miongoni mwetu wamo Wabarawa, Wangazija, Wazanzibari, Wakongo, Warundi, watu wa Lamu na wa Kigoma. Ugomvi wa kila kundi una jirani asiyehusika nao, anayeijua lugha na anayekula chakula kile kile. Huyo ndiye wa kumwita, na aitwe mapema, kabla njia katikati ya mikeka haijawa pana. Akiitwa, asijibu kama nilivyojibu mimi.

Kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi ya mwisho, baada ya sala ya Alasiri, nitakuwa katika jiko la ukumbi, na chai itakuwapo. Mwenye neno linalomkera juu ya jirani yake na aje alitoe hapo. Nitakuwa na daftari na kalamu. Nina deni la kuandika tangu mwaka 1993.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam,
Mwalimu mstaafu, Scarborough